Kisahani cha Kuonjea

Jumapili, 4 Oktoba 2015

Nimeosha mchele mpaka maji yakawa safi. Nimeloweka mwani. Supu, samaki wa kuchoma, mchicha wa kuchemsha, wali. Wali wa hawa mabosi wangu Wajapani hautiwi chumvi wala mafuta. Mama angeuliza kama ni wa mgonjwa.

Madam akanipa kisahani cha kuonjea, kama kawaida. Kwao hakuna chungu kinachoepuliwa bila mpishi kuonja. Nikaonja. Maji matupu. Nikasema tamu.

Ni hivi tangu Ijumaa, kaka yangu Wafula aliponipigia kutoka Bungoma. Mama amekufa. Wameshamzika. Anasema walinificha nisije nikaacha kazi huku Uarabuni. Nikamwambia asante. Asante ya nini, sijui.

Sijalia. Ulimi ndio umekufa.

Jumanne, 6 Oktoba

Sir ana presha. Daktari amempunguzia chumvi, ndiyo maana Madam alinifundisha chakula cha kwao, chepesi, cha nyumbani. Shida ni miso. Ni rojo la soya, na lina chumvi yake. Linatiwa kidogo, unaonja, unaacha. Madam hapimi kwa kijiko. Anasema ulimi unajua.

Wangu haujui. Leo nimepima kwa macho, kwa rangi ya supu. Sir alibakiza nusu bakuli. Hawa watu hawasemi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kanisani, halafu mtaa wa Satwa kwa Nekesa. Tumetoka kijiji kimoja. Alikuwa amepika ugali na sukuma. Nikala kama ninayetafuna karatasi, nikamweleza ulimi ulivyokufa.

"Si umwambie tu madam wako?" akasema. "Ni mtu poa huyo. Atakupa hata siku mbili ulale."

Nikamwambia mpishi asiyesikia ladha hana kazi, na Madam akijua atatafuta mwingine. Nekesa akaniongezea sukuma. Kwenye basi nilijaribu kuikumbuka sauti ya Mama. Haikuja.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sir kaamka kichwa kinamuuma. Akajipima mezani kwa ile mashine yake ya presha. Presha imepanda. Madam akaitazama mashine, kisha akatazama jikoni.

Ni mimi. Jana nilitia miso, nikasahau kama nimetia, nikatia tena. Nikaonja, maji matupu, nikaona sawa.

Mtu anaweza kuanguka kwa sababu yangu. Najua ningepaswa kuogopa. Nimesugua sinki mpaka limeng'aa.

Jumanne, 13 Oktoba

Madam kaonja chungu kabla sijapakua. Akaitema supu kwenye sinki. Sijawahi kumwona akitema kitu.

"Nafula, umeonja?"

"Nimeonja, Madam."

"Ikoje?"

Nikasema sisikii. Sisikii chumvi, sisikii kitu. Mama yangu amekufa, na wamemzika bila mimi. Nilisema kama ninayesema mchele umeisha.

Akachukua upawa mkononi mwangu. Akamwaga supu yote, akaanza upya, mgongo kwangu. Nikaenda chumbani nikashusha sanduku. Nikakunja nguo. Khalas, yamekwisha. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

Jumatano, 14 Oktoba

Sijafukuzwa. Kapika yeye. Mimi nimemenya figili tu. Presha ya Sir imeshuka kidogo. Sanduku liko mlangoni, na Madam amelipita bila kuuliza. Bora angefoka.

Alhamisi, 15 Oktoba

Sir alipokwenda kazini, Madam akanivutia kiti mezani. Miaka miwili hapa, sijawahi kukalia kile kiti. Akaniwekea bakuli la uji wa wali, ule wanaopikiwa wagonjwa kwao. Mchele na maji, basi. Akakaa mbele yangu na chai yake.

Nikala. Kijiko cha kwanza, maji. Nikaendelea kwa adabu tu. Katikati ya bakuli nikasita.

"Madam, huu uji hauna chumvi."

Ilitoka kwa ukali, sauti ya Mama kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwambia kila aliyempikia. Nikafunika mdomo. Madam hakucheka. Akainuka, akaleta kisahani cha kuonjea, na chumvi kidogo ndani yake.

Nikatia. Nikalia mpaka pua ikavuja, na bado nikala. Sasa uji ulikuwa na chumvi sawasawa. Madam alikaa mpaka nikamaliza.

Nimeosha bakuli. Sanduku nimelirudisha juu ya kabati. Mchana nimeloweka mwani.