Pakacha la Chumvi Ulilonisingizia

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu sikuletei. Aliyeko kaburini hajibu, nami sipendi kumsalimu mtu akaninyamazia. Nakuandikia kukugombeza. Mwandiko ni wangu mwenyewe, wa darasa la kisomo cha watu wazima, uleule uliokuwa ukiucheka kwamba herufi zangu zinatambaa kama kaa wa pwani. Zitambae tu.

Mjukuu wako Hamisi, mtoto wa Zuhura, amekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, na amenibana. Unakumbuka alipokuja hapa Mikindani na kile kinasa sauti, akakaa nawe barazani kukuuliza habari za kale? Ulivaa kofia mpya siku hiyo, kana kwamba mashine ina macho. Akakuuliza, "Babu, zamani watu wa pwani mlioaje kule kwa watu wa Ruvuma?" Ukasafisha koo. "Mke wetu huyu," ukamwambia, "nilimpata Kitaya, kule mtoni Ruvuma, kwa pakacha moja la chumvi. Tena mama yake alitaka kunirudishia chenji!" Mkacheka. Nami nikaweka kahawa chini nikakujibu kwamba chumvi yenyewe ilikuwa nusu mchanga.

Babu na mjukuu hutaniana, nani asiyejua? Hamisi! Amesoma mpaka kasahau. Akaandika makala nzima kwamba watu wa pwani walitoa chumvi kuwa mahari, akaipeleka kwenye jarida la wataalamu wa historia.

Nikamuuliza kwa nini wasichape tu yakaisha. "Hawachapi hivi hivi, Bibi." Kumbe mhariri huliondoa kwanza jina la mwandishi, kisha hupeleka makala kwa wasomi wawili wa kazi hiyohiyo, waikague. Mwandishi hawajui, nao hawamjui. Wakishaandika maoni yao, mhariri ndiye huamua ichapwe, irekebishwe au itupwe.

"Kwa hiyo mtu anakutukana na humjui?"

"Ndiyo, Bibi. Majina hufichwa ili waseme kweli bila kuona haya."

"Mimi nimesema kweli miaka yote na jina langu wanalijua mtaa mzima," nikamwambia.

Mkaguzi wa kwanza ameisifu makala. Wa pili ndiye aliyenifunga kamba. Ameandika kwamba jambo zito kama hili halisimami kwa kauli ya mzee mmoja. Mwandishi atafute shahidi mwingine, ikiwezekana mwanamke aliyeolewa kwa chumvi. Baba Zuhura, mwanamke huyo ni mimi! Mtu nisiyemjua, kakaa mahali nisipopajua, ananitaka ushahidi.

Hamisi akakaa mbele yangu na kalamu. "Bibi, niambie tu, ni kweli au si kweli?" Makala isipochapwa, anasema, nafasi ya kufundisha chuoni atapewa mwingine.

Unaona uliponiweka? Nikisema ni kweli, nimejiuza kwa pakacha, mimi na ukoo wangu wote wa Kitaya, na watoto wa watu watasomeshwa hivyo. Nikisema si kweli, ataniuliza: kama si chumvi, ni nini? Na hilo ndilo nililokuahidi kutolisema.

Chumvi uliileta kweli. Uliitua mbele ya mama yangu ukajiona umeshaoa. Mama akaionja kwa kidole. "Chumvi tutakula," akakuambia. "Wewe shika jembe." Kwetu mtoni mkwe humlimia mama mkwe kwanza, ndipo aitwe mume. Na wewe mtoto wa nyumba ya mawe, mikono yako ilijua mizani ya duka tu! Ukalima shamba la mpunga. Malengelenge yakapasuka, nikakufunga kwa kipande cha kanga yangu. Ukapanda dunguni kufukuza ndege mpaka sauti ikakauka, wadogo zangu wakawa wanakuita Bwana Kunguru. Hukutoroka. Ningekuwa nimekuacha siku hiyohiyo kama ungetoroka.

Tulipokuwa tunakuja Mikindani ukaniomba, "Mke wangu, wenzangu wasijue kama nimelima." Nikakubali. Ndipo ukaanza na pakacha lako mbele ya kila mgeni. Sikuona aibu hata siku moja, kwa sababu wao walisikia maneno, mimi niliiona mikono.

Nilijaribu kukwepa, usidhani sikujaribu. Nikaingia jikoni, Hamisi nyuma yangu. "Andika Bibi amekataa kusema." "Watasema nimeficha, Bibi." "Basi andika Bibi amekufa." "Bibi!" Nikatoka uani, naye huyo. Nyumba hii uliyoniachia haina mlango wa tatu.

Jana baada ya alasiri nikamwambia yote. Kalamu ikasimama.

"Babu alilima?"

"Alilima. Tena matuta yamepinda."

Akacheka sana, kisha akajifuta uso kwa mkono wa shati. Akasema sasa makala lazima igeuzwe yote, na huenda wakaitupa. Akauliza kama nataka anifiche jina. "Unifiche kwani mimi ni mkaguzi wa jarida? Liandike. Na la babu yako liandike."

Leo asubuhi ameipeleka posta Mtwara mjini. Nilimfuata hadi kizingitini nikitaka kumrudisha, nikaishia kumpungia mkono. Bahasha hiyo siwezi kuidai tena. Mikono yako itapimwa na watu wawili wasio na majina, nami siwezi kuwaendea kuwaeleza ulikuwa mtu wa namna gani. Kabla yao watajua wazee wenzako wa barazani, maana mjukuu wako hana kifua. Watakuja hapa na vicheko vyao, na wewe hupo uwajibu. Nitabaki nao mimi, na kahawa yangu, na nyumba yako.

Uliniachia utani, ukaondoka na jibu lake. Hilo sitakusamehe leo. Labda kesho.

Najua umekasirika. Basi nipe mgongo, kama ulivyokuwa ukifanya kitandani. Nimezoea. Asubuhi ulikuwa ukigeuka mwenyewe.

Mkeo uliyemlimia,
Mama Zuhura