Tembo Wana Njia Yao, Wewe Una Shabani

Nanyuki, Kenya

Mke wangu Somoe,

Assalamu alaykum. Kwanza niambie kama kifua cha mama yangu kimepoa au bado anakohoa, na kama Ashura ameacha kulala na viatu vyake vipya. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenipasua midomo.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti ingenitetemeka. Wifi yako Tatu alinitumia ujumbe wa sauti, anacheka: "Seif, mdogo wangu, endelea kulala huko. Mkeo kapata wa kumvusha barabara. Anamshika mkono kama bibi harusi." Nilipomuuliza ni nani, akasema ni Shabani, muuza chipsi wa stendi ya Kibiti. Eti kila asubuhi unapopeleka kamba wabichi sokoni, anaacha karai lake motoni anakuja kukuvusha. Nimeusikiliza ujumbe ule mpaka simu ikazima.

Kazi yangu unaijua. Nakaa ofisini nakagua picha za kamera zilizofungwa kwenye njia ya tembo, ile waliyoijenga chini ya barabara kuu ili wasigongwe. Nasikia mwanzoni tembo waliikataa, mpaka wafanyakazi walipomwaga humo kinyesi cha tembo wengine, ndipo wakanusa na kuingia. Sasa hupita familia nzima, mama mbele, watoto katikati, malori yananguruma juu yao. Siku ya ujumbe ule niliwatazama kwa wivu. Wao hawahitaji muuza chipsi. Mke wangu hana hata tuta.

Nikaamua nikukataze kupita pale. Lakini jioni nilipotoka kazini ilibidi nivuke barabara hiyohiyo wanayopita tembo chini yake, maana sisi watu hatukujengewa njia. Malori yalifuatana, kila nikipiga hatua narudi nyuma. Mama mmoja muuza viazi akanikamata kifundo cha mkono. "Twende, kijana. Ama utalala hapa?" Akanivuta mpaka ng'ambo. Wallahi, Somoe, usinune, hata sura yake sikuiona. Niliona magurudumu tu.

Basi nikajiuliza wewe pale unaona nini. Nadhani ni magurudumu. Naomba iwe magurudumu. Ila hata kama siyo, lori naliogopa kuliko ninavyomwogopa Shabani.

Kwa hiyo usivuke peke yako. Shabani asipokuwepo, msubiri. Maneno haya yamenitoa jasho kwenye baridi hii, lakini nimeyaandika na sitayafuta.

Nisalimie mama, mwambie dawa asiinywe kabla ya kula. Kaka yako wa Maparoni mpe pole ya nyavu zilizochanika. Ashura mbusu. Wifi yako mwambie nimemsikia. Na Shabani naye msalimie, ukiwa umeshafika ng'ambo na mkono ameshauachia.

Mumeo,
Seif, Baba Ashura