Chakula Kisichoonjwa

Jumatano, 14 Julai 1976

Barua imefika! Nene, stempu nne, mwezi mzima njiani. Daktari Han ameifungua akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, mahali ambapo huwa haingii. Imetoka kwa mama mkwe wake, Korea. Alipomaliza kusoma akakaa juu ya gunia la makaa, na suruali yake nyeupe ya hospitali. Nani wa kumwambia daktari asimame?

Anasema mwaka wa Madame, marehemu mkewe, umekaribia. Kwao, siku aliyofia mtu inaporudi, anapikiwa meza nzima. Si sadaka ya kulisha majirani kama kwetu. Anapikiwa yeye mwenyewe, marehemu, naye anakuja kula. Na hapa Bel-Air nani atapika? Daktari hata yai linamshinda. Nimebaki mimi, Amida, niliyefundishwa na Madame miaka miwili katika jiko hili hili.

Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Mdomo huu utaniponza.

Jumapili, 18 Julai

Nimerudi nyumbani Kamalondo na daftari la Madame. Daktari amenipa nisome, maana maneno yao ya jikoni yameanza kunitoka.

Kila ukurasa una safu tatu. Ya kwanza maandishi yao, vijumba na vijiti. Ya pili neno lile lile kwa herufi zetu. Ya tatu niliandika mimi, kwa Kiswahili. Pokta — kukaanga ukigeuzageuza. Jjida — kupika kwa mvuke. Muchida — kuchanganya mboga kwa vidole, bila kijiko. Jorida — kulaza shu, yaani kabichi, kwenye chumvi mpaka ilegee. Pembeni Madame amechora visu na sufuria. Kisu chake kina tabasamu. Nilikuwa nimesahau kwamba alichora tabasamu.

Ukurasa wa mwisho una neno moja: sonmat. Safu yangu tupu. Hatukufika.

Yaya Feza, dada yangu mshonaji, ameniona na daftari, mguu wake ukiwa bado kwenye cherehani. "Ule madame alishakufa, na bado iko nakufundisha?" Nikamwambia ashone vifungo vyake. Lakini maneno yake yameniingia mgongoni, kama maji ya baridi.

Jumanne, 20 Julai

Daktari ana kalenda ya kwao inayofuata mwezi. Alipiga hesabu kwa kidole, akarudia, akasema siku ya Madame mwaka huu si tarehe 16 Agosti. Ni Alhamisi, tarehe tano.

Nimerudi nyumbani nikatazama kalenda ya msikiti. Madame alikufa Shaabani, siku ya nane. Shaabani ya mwaka huu, siku ya nane... Alhamisi, tarehe tano!

Yeye kahesabu kwa mwezi wake, mimi kwa wangu, tumefika mlango mmoja. Na Alhamisi jioni ndiyo kuingia kwa Ijumaa. Bibi yangu alikuwa akisema wakati huo wafu husimama mlangoni kuangalia kama wanakumbukwa. Nimefunga kalenda. Sikula.

Jumamosi, 24 Julai

Leo salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Kiongozi wa seli kapita na filimbi yake, watu nyuma na majembe, wakiimba bila kutaka. Daktari alikuwa nyumbani. Alitoka chumbani akafunga madirisha yote ya upande wa barabara, moja moja, kwa nguvu. Kila Jumamosi hufanya hivyo. Kisha akaja mlangoni kwangu na Kiswahili chake cha hospitali: "Amida. Hapana kosa yako. Salongo njo iliua Madame." Amekwisha kuniambia hivyo mara ngapi!

Niandike. Daftari hili halina msomaji.

Jumamosi ile ya mwaka jana Madame alikuwa na homa. Daktari aliitwa hospitali. Aliniomba nikae naye mpaka arudi, nimpe maji kila mara. Mimi nilikuwa na hasira. Siku iliyotangulia nililaza shu vibaya, Madame akamwaga beseni zima, mbele ya Albertine aliyetuletea mboga. Miaka miwili najifunza, halafu anamwaga! Basi nikasema siwezi kukaa, nina salongo, nisipoonekana kiongozi wa seli ataniandika. Daktari ni mgeni. Akakubali. Akasema atafanya haraka.

Mtaani kwetu hakukuwa na salongo siku ile. Lilisogezwa Jumapili, nami nilijua tangu asubuhi.

Nilikwenda kwa Yaya Feza kupimwa gauni. Wanawake walikuwa wengi. Wakaniuliza habari za Madame wangu, nikamwigiza. Madame, nikikosea neno, hakusema kitu. Aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Ko, ko. Nikagonga meza ya cherehani, ko, ko, nikakunja uso kama yeye, wanawake wakacheka mpaka machozi. Nikarudia. Nikarudia tena.

Daktari alirudi saa kumi. Alimkuta sakafuni jikoni, mkono umeelekea birika. Mimi saa ile nilikuwa nagonga meza.

Jumatatu, 26 Julai

Nimesoma maneno kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, saa nne asubuhi, jua kali. Pokta, kukaanga. Jjida, kukaanga—

Ko, ko.

Bati linapopata jua hulia. Najua. Miaka yote bati hulia. Nikasema upesi: jjida, mvuke! Mvuke! Kukawa kimya.

Alhamisi, 29 Julai

Daktari ametafsiri ukurasa wa pili wa barua. Mama mkwe ameandika masharti, nami nimeandika:

Samaki awe na magamba. (Basi atoke Kasenga. Kambale hapana.) Matunda kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Mboga za rangi tatu. Pilipili hapana. Kitunguu saumu hapana kabisa. Vitu hivyo viwili vinafukuza wafu. Ukivitia, marehemu atafika mlangoni, atageuka.

Na asionje mtu! Wao kuonja wanasema kanul poda, kuangalia chumvi. Chumvi ya chakula hiki anaiangalia marehemu kwanza. Daktari akauliza kwa aibu kama naweza kupika meza nzima bila kuonja. Nilicheka, leo nimecheka kweli. Daktari, nimefunga Ramadhani tangu nina miaka kumi. Mwezi mzima wa mchuzi, na ulimi haugusi kitu mpaka magharibi. Chumvi naijua kwa mkono, na kwa harufu ya mvuke. Akainama mpaka kichwa kikashuka, kama alivyokuwa akimwinamia mama yake kwenye picha. Mimi! Niinamiwe mimi!

Nilicheka mpaka nikafika kituo cha basi. Hapo ndipo nilipofikiri: kitunguu saumu kinafukuza wafu. Punje moja tu.

Ijumaa, 30 Julai

Nimeloweka soya zichipue. Kitambaa chenye maji, gizani, siku sita.

Nimemwambia Yaya Feza kila kitu cha barua. Yeye peke yake anajua nilikuwa wapi siku ile. Alicheka na wengine, hasahau. Akasimamisha cherehani.

"Tia saumu, ndogo wangu. Kidogo tu, mu supu. Atarudia kwabo muzuri, na we utalala."

"Na Daktari? Yeye iko namungojea bibi yake."

"Daktari ataona nini? Bafu habaonekanake."

Amesema kweli, wafu hawaonekani. Hakuna atakayejua. Daktari atainama, atalia, atadhani alikuja. Na mimi sitakaa nyumba moja na mtu niliyemwacha bila maji. Nimeogopa. Naandika wazi: namwogopa Madame. Akiwa hai sikumwogopa hata kidogo, tulikuwa tunagombana kama mawifi.

Mtu ataniuliza, Amida, wewe mwislamu, chakula cha wafu wa nini? Nimejibu moyoni siku nyingi: mpishi hapiki ibada, anapika chakula. Lakini mpishi asiyeamini asingeogopa punje ya saumu.

Jumanne, 3 Agosti

Sokoni. Karatasi za Albertine sasa zinasema Mwape, majina ya kizungu yamekatazwa, lakini soko lote linamwita Albertine na yeye anaitika. Nilimwambia mboga ni za nini. Aliacha kufunga majani.

"Ule madame! Alikuwa nakugombeza, we! Ile siku ya shu mi nilisikia haya juu yako."

Nikasema ndiyo, alinigombeza.

"Lakini kesho yake asubuhi alipita hapa, na homa yake. Anatetemeka. Anatafuta shu ingine. Mi namuuliza, utalaza weye mwenyewe? Anasema hapana, Amida. Ananionyesha mukono yake, hivi." Akainua mkono, akanusa vidole, akatabasamu. "Anasema: Amida, mukono muzuri. Mukono iko na utamu. Hakukuambiaka?"

Hakuniambia. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Shu ile niliikuta kwenye kapu nilipofika, nikadhani ni ya kunisuta. Sikuigusa.

Nilimlipa Albertine nikasahau mboga, akanikimbilia.

Nimemuuliza Daktari maana ya sonmat. Alifikiri sana, neno la jikoni si lake. Akasema son ni mkono. Mat ni utamu. Chakula cha mama yako, hata ukipewa chumvi ile ile na sufuria ile ile, hukiwezi, kwa sababu utamu uko mkononi mwake.

Nimejaza safu yangu. Utamu wa mkono. Ndilo neno alilotaka kunifundisha Jumamosi ile, nami nikaenda kuchekesha watu.

Jumatano, 4 Agosti

Soya zimechipua, ndefu, nyeupe. Samaki amefika, magamba yake kamili. Machungwa matano. Majani ya matembele, figili, soya: rangi tatu... tuseme mbili na nusu. Madame atanisamehe hilo.

Hilo.

Nimeweka punje moja ya saumu kwenye fundo la kitenge. Sijaamua.

Alhamisi, 5 Agosti

Naandika jikoni, haraka, kwenye meza ya kukatia. Jua linazama. Sijaonja kitu tangu asubuhi, wala maji.

Nimepika vyote. Muchida, kwa vidole. Jjida, samaki mzima, hakuvunjika. Supu nimeikalia muda mrefu. Mara tatu nimefungua fundo la kitenge. Mara ya tatu punje ilikuwa kiganjani juu ya sufuria, mvuke unanipiga, na nikamwona Daktari kupitia mlango. Alikuwa anafuta fremu ya picha ya Madame kwa mkono wa shati lake. Ameoga. Amevaa tai. Amejitayarisha kama mtu anayekwenda Luano kumpokea mgeni kwenye ndege.

Nimefunga fundo. Supu haina kitu. Punje iko hapa kiunoni, nzima. Mlango wa nje uko wazi, naogopa, lakini uko wazi.

Daktari amewasha ubani wao. Amemimina pombe mwenyewe, anajua mimi siigusi. Ameinama mara mbili, paji mpaka sakafuni. Kisha kijiko kimesimamishwa katikati ya wali, tukatoka sote, akafunga mlango wa sebule. Sasa Madame anakula. Anaachiwa muda wa vijiko tisa. Daktari amesimama kwenye ukumbi mwembamba, uso kwenye mlango. Akimaliza kuhesabu atakohoa mara tatu ili asimshtue, kisha tutaingia.

Amenipa kazi mbili. Supu itaondolewa, na mahali pake nitaweka bakuli la maji, kwa mikono miwili. Maji ndiyo kitu cha mwisho mtu wao anachopewa kabla ya safari. Niliuliza kama Daktari hawezi kuyapeleka yeye. Akasema hapana, aliyepika ndiye anayempa maji.

Halafu niagane naye. Niseme kwa Kiswahili, yeye anakielewa. Daktari atakuwa pembeni yangu. Naye anakielewa sasa.

Bakuli liko mbele yangu. Maji yametulia.

Nimejaribu maneno, kwa sauti ya chini, nione yanatokaje. Nilisema: Madame, unisamehe. Siku ile nilikuwa nimekwenda salongo.

Ko, ko.

Si bati. Jua limezama, bati limepoa. Ni mbao. Meza ya sebuleni.

Daktari amegeuka ukumbini. Ameniuliza pole pole: "Amida. Ni we ulipiga?"

Nikasema hapana. Akatazama mikono yangu. Mmoja una kalamu, mwingine uko kwenye bakuli. Anacheka, au analia, sijui. Anasema alikuwa akigonga hivyo mtu alipokosea. Anauliza: nani amekosea?

Jibu nitalitoa humo ndani, pamoja na maji.

Amegeukia mlango. Amekohoa. Moja.

Maji ni mazito. Yaya Feza, laiti ungekuwa hapa unicheke.

Mbili.