Mguu wa Betri Mlangoni kwa Samira

Ngamiani, 4 Mei 2025

...basi hapo ndipo simu ilipozima, wifi, sikukukatia mimi. Nyumba hii soketi inayofanya kazi ni moja tu, na mguu ulikuwa kwenye chaji. Cheka tu.

Haya, asalaam aleykum kwanza, maana jana niliingia na maneno kama nimefukuzwa. Hamjambo huko Ushongo? Kiuno cha shemeji kimetulia? Mimi sukari inakwenda vizuri, kigutu kimekauka, muhogo nala kidogo kwa siri. Usimwambie mtu.

Nilikuwa nakueleza huu mguu wa majaribio. Ule wa kwanza niliopewa baada ya kukatwa ulikuwa kama mwiko, unaukokota tu. Huu kwenye kifundo una mota na betri. Ukikanyaga, ile unataka kunyanyua, wenyewe unakusukuma, zii! Siku ya kwanza nikajua kuna mtu nyuma, nikageuka nimtukane. Nehemia, yule fundi wa Lushoto anayenifunga mguu, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ana simu yake, anapunguza nguvu, anaongeza, kama sauti ya redio. Sasa hivi naenda sokoni na kurudi sijapumzika kwenye baraza ya mtu.

Ila wifi, mguu huu umepimwa nikiwa na kiatu. Zile raba zangu. Nikivua, kisigino kinashuka chini, mguu unanivuta kinyumenyume kama mlevi. Na kwa Samira unakujua, viatu mlangoni. Mlango wa pili kutoka kwangu, miaka yote naingia nishafika uani ndio nasema hodi, nakaa jamvini, tunachambua mchele, tunachambua na watu. Juzi nimefika nimekwama kizingitini. Samira ananiambia, "Ingia navyo tu, bibie."

Bibie! Mimi! Tangu lini Samira akaniita bibie?

Nikakataa, siwezi kukanyaga na raba za sokoni pale watu wanaposwali. Nikakaa nje. Halafu nilivyokuwa nakuja nilisikia vicheko, mguu ulivyolia zii, zii, ndani kimya. Nikaletewa kiti na chai kwenye sinia. Nimeinywa peke yangu naangalia baiskeli zinapita.

Nijibu. Hapa hakuna wa kunijibu.

Wifi yako,
Wanu


Ushongo, 6 Mei 2025

Wifi Wanu,

Waaleykum salaam. Sisi wazima, shemeji yako kiuno ndio hivyo hivyo. Ujumbe wako nimeusoma. Pole sana wifi. Usijichoshe, kaa nyumbani upumzike, Mwenyezi Mungu akupe subira. Kaka angekuwa hai angekusaidia.

Wifi yako,
Suhaila


Ngamiani, 27 Mei 2025

Wifi, salaam nyingi. Mko wazima? Shemeji je? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Sasa nikuulize. Ule ujumbe uliandika wewe au ulimpa karani? Maana umekaa kama wa ofisini. Wewe Suhaila, siku ya harusi yangu ulisema mbele ya kaka yako kwamba kaoa miguu ya bata! Leo nimebaki na mmoja ndio umeacha kuusema? Halafu toka hapo kimya.

Haya, sikiliza. Nehemia amekuja, kaniuliza mbona hutembei sana siku hizi, simu inamwambia kila kitu, mguu huu mmbeya kuliko mimi. Nikamwambia habari ya mlango wa Samira. Akashika kichwa. Kwao wanaingia na viatu mpaka chumbani, haikumpitia akilini kuniuliza. Na mimi sikusema toka mwanzo, niliona haya. Watu wamekuletea mguu wenye mota, wewe unawaambia mambo ya jamvi?

Basi kafungua skrubu, kabonyeza simu yake, kanionyesha kitufe pembeni. Nikivua raba nakibonyeza, kifundo kinajipanga sawa. Nimetembea pekupeku hapa sebuleni, nikalia wifi, peke yangu, Nehemia kajifanya anatafuta bisibisi.

Kesho naenda kwa Samira. Nimechoka kuongea na redio. Yule msoma taarifa ya habari akisema "habari za asubuhi," namjibu, "nzuri, za kwako?"

Wifi yako,
Wanu


Ushongo, 19 Juni 2025

Wifi,

Salaam. Sote hatujambo. Umenisema, na umenipata.

Kweli ni kwamba naogopa. Nikitaka kuandika la mzaha nakukumbuka ulivyolala pale hospitali, nalifuta. Kisha naona heri nisiandike kabisa. Nadhani na hao wa kwa Samira ni hivyo hivyo. Wanakungoja uanze utani wewe.

Na miguu ya bata ulikuwa nayo, sifuti. Huo mpya kaa nao tu, nao utaiga.

Wifi yako asiye na adabu,
Suhaila


Ngamiani, 22 Juni 2025

Wifi wee, salaam aleykum, za huko? Afya ipo, lakini nimekusikiliza wewe na nimeharibu.

Ngoja nianze nyuma. Ile siku niliyokwambia, nilikwenda. Nikavua raba mlangoni, nikabonyeza, nikaingia pekupeku mpaka uani, sikuyumba. Unajua walifanyaje? Wakanipisha! Wote jamvini, mimi nikawekwa kwenye kiti, niko juu kama mwenyekiti wa mtaa. Nikigusa ungo naambiwa, "Acha, bibie, usisumbuke." Wanaongea mvua, bei ya mkaa, basi. Jina la mtu halitajwi. Mke wa fundi baiskeli kaachika, wifi, mtaa huu huu, nimekuja kusikia kwa muuza mkaa! Mimi!

Nimekwenda hivyo karibu mwezi. Kumbe si kiatu.

Basi ukaniambia nianze. Jana Samira kapakua wali na mchuzi wa samaki, nikaonja, nikasema kwa sauti, "Samira, mchuzi huu umeupika au umeusuuza?"

Hakucheka mtu. Mikono ilisimama kwenye sahani. Samira kaangalia bakuli lake, mmoja kasema, "Tumvumilie, kapitia mengi." Hiyo ndiyo iliyonichoma. Nikaaga nikaondoka.

Leo toka asubuhi masufuria yanagongana kule kwa Samira, moshi umejaa kichochoroni. Binti yake anakuja kuposwa, nimesikia tena kwa muuza mkaa. Posa, wifi! Yule mtoto nimembeba mgongoni, na sikuambiwa. Nimekaa kitandani, mguu nimeuvua, hata kuuchaji sijauchaji. Nehemia akija namwambia auchukue, ampe mtu mwenye pa kwenda. Mimi mwiko wangu unanitosha kufika chooni. Na wewe usinijibu pole, nakuomba, nijibu chochote lakini si

Subiri, mtu anagonga dirisha kama polisi.

Ni Samira. Anapiga kelele mtaa mzima unasikia: "We Wanu! We mwanamke wa mashine! Jana umetukana mchuzi wangu mbele za watu, leo umejifungia? Wageni wako njiani, nazi zimejaa uani hazijaguswa, toka uje ukune tuone hao wanaojua kupika! Na usinisingizie mguu, nazi haikunwi kwa mguu!"

Namwambia nakuja, anasema sasa hivi, anasema hata kanga nisibadili. Wifi, huu mguu nimeutupa upande gani? Natuma hivi hivi, naenda.