Buto ya Shamba la Kakao

Butembo, tarehe 9 Machi 2025

Mpendwa mutoto yangu Christa,

Nakusalimia sana, pamoja na bwana yako Daudi na Elsa mudogo. Afya iko namna gani? Unakula? Najua vile mutu anakonda na kilio akiwa ugenini. Mimi miguu inavimba, lakini natembea. Wasingya, asante sana, kwa vitenge vya matanga, bamama ba chapelle bote balivaa.

Ndugu yako Ézéchiel niko naye hapa tangu tuzike mama yenu na kukimbia kutoka Beni. Anakaa nyuma ya nyumba, anaangalia ukuta. Nimesikia umekasirika juu hachukui telefone yako ukimupigia. Donc nakuandikia, juu maneno hii hapana ya kusema huku unités za telefone zinakatika.

Unajua kwetu, hatari ikikuja, kila nyumba inapiga kasserole, sufuria ya kupikia, kilima kimoja kinaambia kingine. Ndugu yako akatutengenezea sireni, akaweka buto, kile kidude cha kufinya na kidole, kwa nguzo shambani, karibu na pori. Alinifasiria: ndani ya sanduku kuna processeur, ile akili ya mashine, na iko na kazi yake ya siku zote. Ukifinya buto, waya inaikatiza, inaacha yote, inapiga sireni. Lakini iko na mulango wa nyuma. Kwa ordinateur, kompyuta yake, unaandika namba moja ndani ya registre, kijumba cha kumbukumbu cha ile mashine, na processeur inakatizwa vilevile, hata kama hakuna mutu amefinya kitu.

Kila siku ya soko alijaribu kwa njia hiyo, kwa kiti chake nyumbani. Sireni ililia muzuri. Batu bakaizoea, kasserole zikarudia maharagwe.

Ile asubuhi mama yako alienda kupasua kakao, kasserole akaiacha. Benye mapanga bakatoka pori. Tulimukuta chini ya nguzo, kifuniko cha buto kiko wazi, kidole gumba kimechubuka. Alifinya, Christa. Alifinya sana. Panya zilikuwa zimekula waya. Sisi tulikuwa tunakunywa chai, hatukusikia kitu.

Sasa batu banasema kijana alikuwa muvivu, hakufika shambani kujaribu buto yenyewe. Yeye anakubali. Ni uongo, na inaniumiza. Nilikuwa nakaa nao. Kila mara alitaka kwenda, na kila mara mama yenu alimukataza. Alikuwa anamuambia: njia ile iko mubaya, jaribu hapa hapa, mutoto yangu, nikuone. Alimupenda, ni ile tu. Ézéchiel hataki mutu alaumu marehemu, ni heri balaumu yeye.

Mupigie. Asipochukua, mupigie tena. Usimuulize juu ya buto. Muulize kama amekula, sawa vile mama yenu alikuwa anamuuliza.

Mujomba Maliro anakusalimia, na Falonne pia. Mungu alinde mulango wa nyumba yako.

Ni mimi mama yako mudogo, mwenye kukupenda,

Julie