Madumu Manne

Jumatatu, 28 Oktoba
Sauti ya korosho kavu zikitikiswa kiganjani. Imebaki masikioni tangu asubuhi. Mzee Chilumba, mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha ushirika, hapokei gunia bila kuchota konzi moja na kuitikisa karibu na sikio. Leo alinitikisia mimi. "Sikia, mwanangu. Zinalia hizi." Nikaandika stakabadhi.

Hajui kwamba jana nilikaa saa mbili nzima na makamu wake, Nambunga. Anakitaka kiti. Mkutano mkuu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Akikipata, mimi karani nitakuwa meneja. Nina digrii. Nina miaka ishirini na sita. Nimechoka kuitwa binti wa stakabadhi. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na hilo ndilo linalonitia aibu.

Jumatano, 30 Oktoba
Nimesema ndiyo.

Mpango ni mwepesi. Mzigo ukilowa ghalani mwetu, ghala kuu Masasi watalikataa lori, na lawama zote zitamwendea Mzee. Bati letu lina matundu, kila mwanachama anajua. Tunasubiri mvua moja tu, hata manyunyu.

"Hapa Newala, maji yalivyo ya shida, nani atafikiri mtu kamwaga maji makusudi?" Nambunga alisema, akacheka. Nami nilicheka. Nyumbani mama ananawia uso kwenye beseni, kisha maji hayohayo anamwagia mchicha.

Ijumaa, 1 Novemba
Manyunyu yalipita alfajiri.

Kila Ijumaa Mzee hunikabidhi ufunguo anapokwenda msikitini, kwa kuwa mimi ni Mwanglikana na ghala halikai bila mtu. Miaka miwili sasa. "Haya, mchungaji, linda kundi," hunitania. Leo pia alisema.

Madumu manne. Nambunga aliyaacha nyuma ya choo. Nilimwaga chini ya matundu ya bati tu, ili ionekane ni mvua. Magunia kumi na moja. Maji yalizama haraka kuliko nilivyodhani. Nilifuta viatu. Mzee aliporudi aliniletea andazi. Nikalila.

Jumatano, 6 Novemba
Lori liliondoka juzi. Wapakiaji hawakuhisi kitu, magunia yalikuwa yamekauka kwa nje. Leo limerudi. Mpimaji ubora alikata sampuli akakuta ukungu. Shehena yote ianikwe upya.

Uwanja ulijaa watu. Mama Siwema, mmoja wa wanachama, alimrushia Mzee korosho miguuni. "Mwenyekiti, umezeeka pamoja na bati lako!" Watu wakacheka. Mzee aliziokota, akazitikisa sikioni. Hazikulia. Akasema mbele ya wote, "Kosa langu. Niliambiwa habari ya paa, nikasema tungoje msimu upite."

Hakuuliza ufunguo alikuwa nao nani. Nilijitayarishia jibu siku tano, na hakuuliza.

Alhamisi, 7 Novemba
Mzee kanunua lami kwa pesa yake, kapanda juu ya paa mwenyewe. Ana miaka sabini na kitu. Nilishika ngazi. Goti lake lilikuwa linatetemeka usawa wa uso wangu.

"Shika vizuri, mchungaji. Nikianguka hapa utanizika wewe, na hujui hata Fatiha."

Nilitaka kusema. Sikusema. Naliandika hili nisije nikajidanganya baadaye: sikunyamaza kwa woga. Nilinyamaza kwa sababu mkutano ulikuwa umebaki siku mbili, na cheo nilikuwa bado nakitaka.

Jumamosi, 9 Novemba
Mzee hakungoja kura. Alisimama, akaomba radhi, akajiuzulu. Nambunga akapita bila mpinzani. Kazi rahisi kuliko tulivyopanga.

Kisha Mzee akaomba neno la mwisho. Akasema chama kinahitaji meneja, na yeye anamjua anayefaa. Akanielekezea kidole. "Huyu ndiye peke yake niliyekuwa namwachia ghala nikaenda kusali na moyo umetulia."

Watu wakapiga makofi. Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nambunga akanikonyeza.

Nilisimama nikasema ahsanteni. Hilo ndilo nililosema. Ahsanteni.

Nimeshindwa kula. Najichukia kwa namna ambayo sikujua ipo.

Jumatatu, 11 Novemba
Jua kali, hakuna upepo. Korosho zimeanikwa uwanjani kwenye mikeka, kina mama wanazigeuza kwa mikono.

Jana baada ya ibada nilikwenda kwa Mzee. Shikamoo. Marahaba. Nilimweleza yote, sehemu yangu bila kuipunguza. Hakunifokea. Aliuliza kitu kimoja: "Maji yote hayo mliyatoa wapi?" Nikamwambia sijui, aliyaleta Nambunga. Akatikisa kichwa muda mrefu, kama mtu anayeelezwa jambo la nchi nyingine. Kisha akaingia ndani. Nilikaa kwenye benchi mpaka mkewe akaja kuniambia, kwa upole, niende.

Mama nilimwambia jioni. Hajazungumza nami mpaka sasa.

Leo saa mbili asubuhi nimepeleka maelezo kwa ofisa ushirika wa wilaya. Kurasa tatu. Majina mawili, langu likitangulia. Umeneja nimeukataa katika barua hiyohiyo. Ameisoma mara mbili, akagonga muhuri kwenye nakala yangu, akaniambia nisitoke Newala mpaka nitakapoitwa.