Kodiani Chumba Namba Nne

Jumatatu, 5 Novemba 2018

Mvua. Leo nimekabidhiwa Mzee Ingebrikt. Miaka arobaini alihubiri katika nyumba yetu ya sala, sasa yuko hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, chumba namba nne, hajui kama ni asubuhi au ni Pasaka. Wiki tatu hajaoga! Ukimshika anapiga. Jana kamng'ata Tove, msimamizi wetu, ambaye hata ukimkanyaga yeye ndiye husema samahani.

Daktari anakuja Jumatatu ijayo. Mzee akiwa bado hivi, anaanzishiwa vidonge vya kumtuliza. Navijua. Mtu huketi huku amelala, mate yanamtoka, mwishowe hasimami tena.

Tove kasema wewe si ndiye wa tiba ya muziki sasa, tuonyeshe. Kozi ya miezi kumi, beji mpya kifuani – na wananitazama kama nimekuja na mafuta ya upako.

Tulifundishwa kuanza na familia: mgonjwa alipenda nyimbo gani ujanani? Nimempigia bintiye, Solfrid. Kwenye sala tunaketi benchi moja. Kanitajia nyimbo kumi na tisa, tenzi tupu. Nikauliza, hakuna nyingine kabisa?

"Dada Borghild," akasema, "si unamjua baba."

Namjua sana.

Jumanne, 6 Novemba

Aibu. Nimemwekea utenzi wa kwanza, ule laini, kwenye mashine ya santuri iliyo dirishani pake. Mzee akaruka kitini, akajipapasa mifukoni, akataka miwani, akataka karatasi zake. Nani kasema leo ni zamu yake? Hajaandaa kitu! Beseni likaruka. Nikajaribu wa pili – mbaya zaidi. Akanishika mkono, akanisihi nikawaambie watu wasubiri nje kidogo. Wa tatu sitaki hata kuuandika.

Nimeelewa jioni nikimenya viazi. Kwetu utenzi ni mapumziko. Yeye, miaka arobaini, utenzi ukiisha ni yeye asimame ahubiri! Nimemrudisha kazini mara tatu kwa siku moja, mzee wa miaka themanini na minane. Bwana nisamehe.

Jumatano, 7 Novemba

Nilikuwa namtembeza ukumbini. Mpishi anakaanga mikate ya samaki, redio yake inalia kodiani, muziki wa dansi, ule ambao kwetu haupigwi hata harusini. Mkono wa mzee uko begani pangu. Ukaanza kunigonga. Moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. Nikasimama nihakikishe.

"Usisimame, msichana," akasema. Kwa upole!

Nimemwomba mpishi santuri zake. Kanitazama, kisha beji yangu. Kauliza kama nyumba ya sala imeungua.

Alhamisi, 8 Novemba

ALIOGA. Mpaka nywele. Kodiani bafuni, mzee anainua mkono huu, anainua ule, kama bwana harusi anayevalishwa. Tulipotoka akanishika kiwiko, akanizungusha kwenye kona bila kugusa mlango. Kuongoza namna ile hakufundishwi kwa kupiga magoti.

Nina jambo la kujiuliza. Mwaka 1979, nina miaka kumi na sita, nilitoroka kwenda dansi mara moja tu. Jumapili yake Mzee Ingebrikt akaniombea mbele ya wote, kwa jina – na kwa rangi ya viatu. Vyekundu. Mama alilia wiki nzima. Viatu vile niliviazima, nikavirudisha usiku uleule. Alivionaje? Baadaye ikajulikana kwamba alikuwa akisimama nje ya dirisha la ukumbi wa dansi. Akitupeleleza, tulidhani.

Je, nampigia kodiani kwa upendo, au nalipiza? Nimeomba nijibiwe. Bado.

Ijumaa, 9 Novemba

Kaoga tena. Kala viazi viwili na samaki wote. Tove kafurahi, anataka niandike kwenye fomu ni muziki gani, daktari aone. Nimeandika: "Anaoupenda."

Solfrid kapiga simu, je, tenzi zinamsaidia? Nikasema muziki unamsaidia mno. Si uongo. Lakini nilipokata simu nikaona mguu wangu unagonga sakafu. Kodiani ilikuwa bado inalia na sikuwa na mgonjwa chumbani.

Jumapili, 11 Novemba

Naandika nyuma ya fomu ya kuogeshea, chumba cha mashuka.

Leo kwenye sala Solfrid alisimama kushuhudia. Babaye ametulizwa na tenzi, utukufu kwa Bwana, na shukrani kwa Dada Borghild. Wote wakageuka. Wakasema amina. Na mimi nikasema amina!

Kwenye kahawa baada ya sala akaniambia anakwenda sasa hivi kumwimbia mwenyewe. Nikaiacha keki yangu sahanini. Akiimba, mzee ataruka, atapiga, Tove ataandika, na kesho ni daktari. Nikamfuata nje mvuani nikamwambia yote, kuanzia mikate ya samaki.

Akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Baba yangu hajacheza dansi hata siku moja."

Nikamwambia najua, ila miguu yake haijaambiwa.

Hakucheka. Tumekuja hapa kwa gari lake. Kaingia namba nne na kitabu cha tenzi, kafunga mlango, mimi nibaki nje. Chumba hiki kimepakana ukuta na namba nne.

Anaimba. Ubeti wa kwanza, sauti nzuri. Sasa kiti kinaburuzwa. Mzee anauliza miwani iko wapi, nani kasema ni yeye leo. Sauti inapanda. Kitu kimeanguka. Solfrid anasema baba, ni mimi, baba. Anaanza tena ubeti. Anakatika katikati.

Hatua, upande wa dirisha.

Kodiani!

Mimi niko huku. Mashine ya santuri iko kule dirishani, na mzee hajui kuiwasha.

Moja-mbili-tatu. Slipa za mzee, zinaburuta kidogo. Na visigino. Viatu vya Jumapili, vinakosea hatua, vinaanza upya.

Tove amechungulia na fomu ya daktari. Anasema ile "anaoupenda" haitoshi, nitaje ni muziki gani hasa. Nimemwambia asubiri, wimbo haujaisha –